Karani Aliyepima Maji ya Samaki

Ahimidiwe Mola aliyeumba viumbe wa nchi kavu na viumbe wa majini, akampa kila mmoja pumzi yake mahali pake. Namshukuru kwa umri, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa watu aliowapitisha mlangoni mwangu bila mimi kuwaomba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake. Baada ya hayo, nataka kueleza habari za mtu mmoja aliyenifundisha jambo dogo, na kwa jambo hilo dogo nyumba yangu ikapata faraja nisiyoweza kuilipa.

Jina lake nalijua, lakini mtaani petu, hapa Mji wa Kale, hatukulitumia. Alikuwa karani wa mizigo katika reli, basi tukamwita Karani. Yeye aliniita Maalim, kwa kuwa nilikuwa nikisomesha watoto Kurani chuoni. Alikuwa Mtaita, Mkristo asiyekosa kanisa Jumapili, mrefu, mwenye shingo nyembamba na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alipanga chumba Makupa, mahali ambapo malori yakipita madirisha hutetemeka. Ndani ya chumba hicho alikuwa na matangi manne ya kioo, yote ya samaki wa mapambo. Nilipoyaona mara ya kwanza nilimwuliza kama samaki hawashtushwi na yale malori.

"Malori wameyazoea, Maalim," akasema. "Wasichokizoea ni maji ya mfereji."

Tulijuana kwa ajili ya sanduku la vitabu. Nilikuwa nimeagiza juzuu za watoto wa chuo, zikaja kwa gari la moshi, na njiani mvua ikaingia behewani. Nilipokwenda kulichukua sanduku, karani mwingine angenipa karatasi nitie sahihi niende zangu. Huyu alinizuia. "Lifungue hapa hapa. Ukilifikisha nyumbani ukaliacha hadi kesho, karatasi zitagandana." Tukalifungua juu ya meza yake. Alipoona maandishi ya Kurani, akavuta mikono nyuma. "Haya, mimi naruhusiwa kuyashika?" Nikamwambia hayo nitayashika mimi, yeye anishikie sanduku. Akalishika robo saa nzima, limeinama, mimi nikitenganisha juzuu moja moja na kuzipanga juani dirishani. Hakulalamika wala hakubadilisha mkono. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimemwona mtu mwenye adabu na vitu asivyovijua.

Jambo lililowachekesha watu wa mtaa ni kwamba Karani hakula samaki. Hakula changu, hakula nguru, hata dagaa hakuonja. Alizoea nyama na ugali, na akija kwetu tukapika samaki, yeye alitia mchuzi wa kunde akala kwa furaha. Fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza mkabala na mlango wangu hakuacha kumchokoza.

"Karani, hawa wako washanona. Mwatualika lini?"

"Siku utakayoshona suruali yenye miguu iliyolingana, Fundi."

"Basi na wali nilete mimi?"

"Lete. Watakutazama ukila."

Na bahari aliiogopa. Jioni za Jumapili alikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, kama watu wote, akanunua mihogo ya kukaanga, kisha akakaa juu ya ukuta akiipa bahari mgongo, akitazama watoto na magari. Nilimwuliza vipi mtu ajuaye maji kiasi hiki ayape maji mgongo. Akaguguna muhogo wake, akafikiri. "Yale, Maalim, sijui ni lita ngapi."

Katika jibu hilo yumo Karani mzima. Maji aliyoweza kuyapima aliyapenda, na asiyoweza kuyapima aliyaachia Mungu. Lakini msidhani alikuwa mtu wa vipimo katika kila jambo. Chai yake aliitia sukari huku akizungumza, kijiko juu ya kijiko, na binti yangu alipomwambia, "Mjomba, hicho cha tano," alijibu kwamba hakuwa akihesabu. Shati lake lilikosa kifungo mwaka mzima. Kwa samaki alikuwa na subira isiyo mwisho, ila mtu akigonga kioo kwa ukucha ili samaki wageuke, Karani alibadilika sura. Alipata kumwambia mzee mmoja mkubwa wa mtaa, mbele ya watu, "Baba, ningekugonga hivyo dirishani kwako ungeniitia polisi." Nilimwombea radhi kwa yule mzee, nikajifunza kumweka mbali na wageni.

Kazi yake kubwa ilikuwa hii. Maji ya mfereji, yaani ya bomba, hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na hiyo ni neema kwetu tunaoyanywa. Klorini hiyo hiyo humchoma samaki matamvua, mahali anapovutia pumzi, akafa akiwa ndani ya maji masafi. Kuna dawa ya maji, huuzwa katika chupa ndogo, ambayo huondoa ukali huo. Wengi waliofuga samaki miaka ile walikuwa nayo. Wachache walijua kuitumia. Walifungua chupa wakamimina kifuniko kimoja, na wakiona samaki ni wengi, viwili.

Karani hakuvumilia hayo. "Kifuniko ni cha kufunikia," alisema. Yeye alitumia bomba la sindano lisilo na ncha, alilolipata mpya kwenye duka la dawa na hakulitumia kwa kazi nyingine. Kila aliponunua chupa alisoma maandishi yake yote kwanza, hata kama ni ya aina ileile aliyoimaliza jana, kwa sababu chupa hutofautiana nguvu, na dawa nayo huchakaa tarehe ikipita. Kisha aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa za ofisini, akabandika ubavuni: kiasi hiki kwa lita hizi. Chupa ikakaa juu ya kabati, imefungwa, mbali na joto, mbali na watoto, mbali na vyombo vya jikoni. Hakuihamishia katika chupa ya soda hata siku moja. Baada ya kuishika alinawa mikono. Ndoo yake ya samaki ilikuwa nyekundu na haikuguswa na sabuni.

Hilo la sabuni alijifunza kwa hasara. Katika matangi yake manne, moja lilikuwa tupu siku zote. Nilidhani limepasuka. Akanieleza kwamba binamu yake alikuja kumtembelea, akataka kumfurahisha, akaisugua ile ndoo kwa sabuni ikang'aa. Karani akachukua ndoo, akatia maji, akapima dawa sawasawa, akamimina, na hakubaki samaki hata mmoja. "Dawa niliipima. Ndoo sikuiuliza," alisema. Tangi hilo alilifuta vumbi kila wiki na hakulijaza tena.

Sasa nifike kwenye nyumba yangu.

Katikati ya miaka ya tisini mke wangu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono na mguu, na ulimi ukafungwa. Alikuwa mtu wa maneno, msemaji wa harusi na matanga, anayemkosoa mumewe kwa mzaha hadi mume mwenyewe acheke. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa akitutazama tu. Daktari alituambia tumpe sababu za kugeuka, kunyosha mkono, kutaka kitu, kwa kuwa mgonjwa asiyetaka kitu hurudi nyuma. Binti yangu na mimi tulijaribu. Tulimsomea, tukaita mashoga zake, tukamwekea redio. Alifumba macho. Uji alikunywa kwa kulazimishwa. Niliogopa, na hofu yangu haikuwa ya mauti, maana hayo yana mwenyewe. Niliogopa kwamba yu hai na ametuacha.

Karani alikuja kumjulia hali, akakaa kidogo, akaondoka. Jumamosi iliyofuata alirudi na mkokoteni. Juu yake palikuwa na tangi la kioo, changarawe, pampu ya hewa, na mfuko wa maji wenye samaki sita wa rangi ya dhahabu. Hakuniomba ruhusa. Aliuliza jambo moja tu: "Upande dhaifu ni upi?"

"Wa kulia."

"Basi litakaa kulia."

Akaliweka hapo, ambapo mke wangu asingeweza kuliona bila kugeuza kichwa kuelekea upande ule uliolala. Siku ya kwanza hakugeuka. Siku ya tatu binti yangu aliniita kwa kidole nije taratibu. Mama yake alikuwa amegeuka, anatazama.

Tangu hapo Karani alikuja kila Jumamosi alasiri kubadilisha robo ya maji. Alivua viatu, akamsalimu, "Shikamoo, Mama," akangoja kana kwamba atajibiwa, kisha akaanza kazi akimweleza kila hatua. "Mama, hii ndiyo ndoo. Mama, nimechota lita ishirini na tano. Mama, dawa yake ni hii, tazama mstari." Alimwinulia bomba la sindano hadi usawa wa macho yake. Mimi nilikuwa nikipita na tasbihi yangu, nikiona ni upole wa mtu mwema kwa mgonjwa. Sikusikiliza.

Ndipo Karani akafiwa, akaenda kwao milimani matangani. Jumamosi ikafika. Mferejini maji yalikuwa yamekatika siku nyingi, na siku hiyo yakarudi kwa kishindo. Nikaona nisiache tangi likachafuka. Nikachota ndoo, nikamimina. Chupa ya dawa aliyotuachia Karani ilikuwa juu ya kabati letu, wala sikuigusa. Nieleze akili yangu ya siku hiyo, kwa kuwa ni akili ya mtu aliyesoma. Katika vitabu vyetu maji yana hukumu: yapo yaliyo safi na yenye kusafisha, na yapo yasiyofaa. Haya ya mfereji nilikuwa nimetawadha nayo muda mfupi uliopita nikaswali. Nikasema moyoni, maji yanayonifaa kusimama mbele ya Mungu, yatamdhuruje samaki?

Mke wangu alitoa sauti. Nikamwambia, "Tulia, Mama, namaliza sasa hivi." Akatoa sauti tena. Nikadhani ana kiu.

Kabla ya magharibi samaki wanne walikuwa wameelea. Wawili waliobaki walijibanza pembeni. Mke wangu aligeuza uso ukutani, upande wake mzima, na siku mbili hakufungua kinywa kwa uji wala kwa maji. Binti yangu alilia jikoni. Mimi niliketi nikijua kwamba mlango mmoja uliokuwa umefunguka nimeufunga kwa mikono yangu.

Karani aliporudi hakunikemea. Aliuliza kama karani anayeandika mzigo uliopotea.

"Maji yalitoka wapi?"

"Mferejini. Yalikuwa ndiyo kwanza yarudi."

"Yalikuwa yananuka?"

"Yalinuka kama hospitali."

"Na chupa?"

"Ilikuwa pale."

"Kwa nini hukuitia?"

"Maji yalikuwa safi, Karani. Nilitawadha nayo."

Nilidhani atacheka. "Ni safi, Maalim. Kwako yanapita juu ya ngozi yakaenda. Yeye ndiyo hewa yake." Akaongeza kwamba maji yakikatika siku nyingi kisha yakarudi, mara nyingi huwa na dawa kali zaidi. Nikamwuliza kama haingekuwa salama kutumia ya kisima cha msikitini, ambayo hayatiwi chochote. Akasema ya kisima hayana klorini lakini yana chumvi, na samaki hawa si wa chumvi.

Kisha akataka nipime tangi mwenyewe. Nikamwambia mimi si mtu wa hesabu, ninachokijua ni kulla mbili. Akataka kujua hiyo ni nini. Nikamweleza kwamba ni kipimo cha fikihi: maji yakifika kulla mbili huhesabiwa mengi, hayaharibiki kwa uchafu kidogo usioyageuza, na yakipungua hapo huharibika mara yaguswapo na najisi.

"Na kulla mbili mnaijuaje?"

"Chombo cha mraba, dhiraa moja na robo urefu, dhiraa moja na robo upana, dhiraa moja na robo kina."

Karani akavua miwani. "Maalim. Unajua urefu, upana na kina, na hujapata kupima tangi?"

Miaka mingi nilikuwa nimewakaririsha watoto maneno yale, na sikuwahi kushika rula. Siku ile nikashika. Urefu sentimita themanini, upana thelathini na tano, kina cha maji arobaini. Tukazidisha, tukagawa kwa elfu, zikatoka lita mia na kumi na mbili. "Toa changarawe na mawe," akasema, "kwa maana dawa ni ya maji, si ya mawe. Shika mia moja." Halafu akauliza kama hizo zinafika kulla mbili. Nikamwambia hazifiki, hata kwa mbali.

"Basi vitabu vyako na mimi tunasema mamoja. Maji machache hayasamehi."

Nikaapa sitasahau. Akanipa kanuni zake mbili kubwa. Ya kwanza, maji mapya yatiwe dawa ndani ya ndoo, yakorogwe, yaachwe muda ulioandikwa kwenye chupa, yawe na joto sawa na ya tangini, ndipo yamiminwe polepole. Ya pili, mtu akilazimika kuyamimina moja kwa moja tangini, asome chupa, kwa kuwa hapo kwa kawaida hupimwa kwa maji yote ya tangi, si kwa yale mapya tu. Na dawa hii haisafishi uchafu wa samaki. Anayeitia ili asibadilishe maji anajidanganya.

Nilishika yote, ila hofu ikanipeleka upande wa pili. Wiki chache baadaye maji yalirudi tena yakinuka sana, na Karani alikuwa kazini. Nikapima. Nikasema, harufu ni kali, nizidishe. Nikatia mara tatu. Ikasadifu na stima ikakatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Haukupita muda wale samaki wawili wakapanda juu, midomo nje, wakitweta. Mke wangu akaanza kupiga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima.

Nilikimbilia simu ya dukani nikampigia ofisini.

"Umetia kiasi gani?"

"Mara tatu."

"Pampu?"

"Stima hakuna."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Umewapunguzia hewa ukidhani unawaongezea dawa. Sasa sikiliza. Usiongeze kitu. Usitafute dawa ya kutibu dawa. Chukua kikombe kisicho na sabuni, chota maji ya tangi, uyamwage kutoka juu kama mtu apoozaye chai. Chota, mwaga. Usiache hadi stima irudi."

Tulifanya hivyo, binti yangu na mimi, kwa zamu. Baada ya adhuhuri mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, na nilipokuwa nakibadilisha kikombe niliona mkono wa mke wangu umenyoshwa. Mkono wa kushoto, umevuka kifua chake, vidole wazi. Alikuwa anataka kikombe. Tukalisogeza godoro. Akachota, akamwaga, nusu ikaingia tangini na nusu ikatulowesha sisi. Akachota tena. Binti yangu akanitazama, akalishika godoro lisiteleze. Alasiri stima ikarudi. Samaki wakashuka chini. Karani alipofika kutoka kazini, bado na kalamu sikioni, alimkuta mke wangu amelowa kuanzia kifuani hadi kiunoni, na kikombe hajakiachilia.

"Shikamoo, Mama," akasema, akangoja kama kawaida yake. Hakujibiwa, lakini alitazamwa usoni.

Miezi ikapita. Karani alileta samaki wengine, wachache, akisema tangi lililofiwa karibuni halijazwi kwa pupa. Mimi nikawa mpimaji wa Jumamosi, yeye akawa mkaguzi. Siku moja mgeni aliniita mlangoni nikiwa katikati ya kazi. Nikarudi, nikainua ndoo, nikaiegemeza juu ya ukingo wa kioo.

"Dawa."

Nilisimama. Binti yangu alikuwa jikoni. Ndani hapakuwa na mtu ila mimi na mke wangu, naye alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Dawa," akasema tena, kwa ukali ule ule aliokuwa akinikemea nao zamani.

Nikaiweka ndoo chini. Nilikuwa kweli nimesahau. Nikapima, nikapitisha mstari, nikairudisha dawa katika chupa na kupima upya. Ndipo nikaenda kusujudu. Jumamosi ile Karani alipokuja nilimweleza, naye akakaa chini kwenye mkeka, akatia sukari katika kikombe cha chai ambacho kilikuwa kimeshakwisha, akakikoroga kitupu.

Katika dini sikumvuta wala hakunivuta. Adhana ikilia alinyamazisha pampu ili tusikie vizuri, kisha akaiwasha. Ramadhani hakunywa maji mbele yetu, hata tulipombembeleza. Krismasi binti yangu alimpelekea mahamri. Nimekaa na watu wengi waliosoma kunishinda, na nimefaidika nao. Lakini aliyenionyesha kwamba elimu niliyoibeba kichwani ina urefu, upana na kina ni huyu.

Mwisho wa miaka ile alistaafu, akaamua kurudi kwao. Alituletea samaki wake wote na matangi yao, isipokuwa lile tangi tupu, ambalo alisema atakwenda nalo. Asubuhi ya safari mimi na binti yangu tulimsindikiza Mwembe Tayari, mahali mabasi ya bara yanapoondokea. Mke wangu alikuwa amepata kutembea kwa mkongojo, mguu wa kulia ukiburura kidogo, na alikuwa anasema, polepole, akitafuta kila neno kama mtu anayechambua mchele gizani. Nilimwambia abaki nyumbani, pale pana msukumano. Alinitazama tu, nikaenda kutafuta teksi.

Wachuuzi walikuwa wakipitisha mayai na magazeti madirishani. Tangi lilikuwa limeshafungwa juu ya basi. Karani alikuwa na mkoba mmoja mkononi. Alimsalimu mke wangu, na safari hii akajibiwa, "Marahaba." Kisha mke wangu akamshika mkono wa shati.

"Karani. Siku ile... samaki walipokufa. Hukuwapo."

"Sikuwapo, Mama. Nilikuwa matangani."

"Mimi nilikuwapo." Akapumzika. "Nilimwona Maalim. Amwaga. Dawa hakutia. Nilijua. Nilikuwa nakutazama wewe, kila Jumamosi. Nilitaka kumwambia. Kinywa... kikakataa."

Miaka yote ile sikuwa nimeijua habari hiyo, mimi mumewe.

"Wao walidhani nawalilia samaki," akaendelea. "Sikuwalilia samaki. Nimejua jambo, na siwezi kulisema. Nikaona bora ukuta."

Kondakta alikuwa anaita abiria wa Voi, akipiga ubavu wa basi kwa kiganja. "Mzee, twaondoka. Panda, mzee."

Karani aliutua mkoba wake chini. "Endelea, Mama."

"Limebaki moja," akasema mke wangu, kisha akakwama. Midomo ikaanza neno ikaliacha. Akafumba macho. Basi likanguruma. Mimi nililijua neno analolitafuta. Lilikuwa limeshafika mwisho wa ulimi wangu, nami nikafungua kinywa nimsaidie, kama nilivyozoea kumsaidia nyumbani kila siku. Karani hakunitazama. Aliinua kidole kimoja tu, kidogo, nikanyamaza.

Kondakta alitungoja, kisha akatupungia mkono kwa kukata tamaa. Basi likaondoka na tangi la Karani juu yake. Karani hakugeuza hata shingo. Tulisimama hapo watu wanne katikati ya mizigo ya watu, tukingoja, hata mke wangu akafumbua macho.

"Nakushukuru," akasema. "Ndugu yangu."

"Nimepokea, Mama," Karani akasema.

Kulikuwa na basi jingine saa nne. Tukakaa naye kwenye benchi hadi lilipofika.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulipe kwa subira yako. Akupe maji salama na pumzi nyepesi, wewe na kila kiumbe ulichokabidhiwa. Akufungulie kinywa siku unapojua jambo, akakujaalie na mtu wa kukungoja mpaka ulimalize. Amina.